Kumuuza Yusufu kwa Kiswahili: shajara ya mradi

6 Januari

Nimenunua kaunta buku, nimeandika "Vijitabu" kwenye jalada, na kabla wino haujakauka nimegundua kwamba mpango wenyewe ni mbovu. Desemba nilijiapiza kutafsiri magomvi makubwa ya vijitabu katika makoloni ya Waingereza kule Marekani, kuanzia miaka ya 1640 hadi 1776. Peke yangu, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Leo nimekaa nikapiga hesabu, nikacheka mwenyewe.

Roger Williams tu angenimaliza. Mwaka 1644 alichapisha London kitabu cha kupinga serikali kuwatesa watu kwa sababu ya imani zao, amekiandika kama mazungumzo kati ya Kweli na Amani. Bunge likaamuru kichomwe moto. John Cotton, mchungaji wa Boston, akamjibu 1647, Williams naye akarudi 1652. Hata kwenye majina ya vitabu wanagombea damu: cha kwanza ni fundisho la damu, cha pili ni fundisho hilo lililooshwa likawa jeupe kwa damu ya Mwanakondoo, cha tatu ni fundisho hilohilo lenye damu zaidi. Majina matamu, lakini ndani ni mamia ya kurasa za kuvutana juu ya mfano wa ngano na magugu katika Injili.

Mwisho wa kipindi nao una vituko vyake. Januari 1776 Thomas Paine anatoa *Common Sense* pale Philadelphia, anawaambia walowezi waachane na mfalme. James Chalmers wa Maryland anamjibu kwa *Plain Truth*. Mchapaji wa vyote viwili ni mtu mmoja, Robert Bell. Alikula kwa mikono miwili. Jibu jingine, la kasisi Charles Inglis, lilikuwa kwa mchapaji New York likingoja kuuzwa. Watu wakalivamia wakalichoma.

Ningeweza kuandika muhtasari wa haya yote, na ungekuwa muhtasari kama mihtasari mingine. Nataka kitu kimoja, kizima, kisomeke kwa sauti barazani na kiishe kabla chai haijapoa.

8 Januari

Nimechagua. Ugomvi wa karatasi mbili: Samuel Sewall, Boston, 1700, na jibu la John Saffin, 1701. Wote wawili wafanyabiashara, wote wawili mahakimu, wote wawili Wakristo wa kanisa lilelile la Kipuriti, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali, na kinachogombaniwa ni iwapo inafaa kumnunua Mwafrika na kumweka maisha.

Nakiri kijitabu cha Sewall kimenivuta kwa ufupi wake. Kurasa tatu! Hata kukiita kijitabu ni kukipamba. Ni karatasi kubwa iliyokunjwa. Lakini watu wa mji ule walijua nguvu ya karatasi. Sewall mwenyewe alishawahi kuusimamia mtambo wa kuchapa wa Boston, kuanzia 1681 hadi 1684, kwa hiyo hakuwa mgeni wa wino.

Tena huyu ni Sewall wa Salem, mmoja wa mahakimu waliowahukumu watu kunyongwa kwa uchawi mwaka 1692. Miaka mitano baadaye, Januari 1697, siku ya kufunga na kuomba, alisimama kanisani mbele ya watu wote mchungaji wake Samuel Willard akisoma karatasi ya kuungama kwake. Mtu aliyesimama hivyo mara moja, kuandika jambo la kuwaudhi majirani si kazi ngumu sana kwake. Ndivyo ninavyomwelewa mimi.

(Salem hiyohiyo, karne moja na zaidi baadaye, ndiyo iliyotuma merikebu Unguja na kutuletea ile nguo ya merikani. Hili haliingii kwenye kijitabu, nimeliandika hapa ili liache kunisumbua.)

11 Januari

Siku nzima kwenye maneno matatu, *The Selling of Joseph*. Niliandika "Kuuzwa kwa Yusufu", nikampelekea mhariri wangu, dada mmoja mkali aliyewahi kufanya kazi redioni. Akanijibu kwa simu, hata salamu hakumaliza.

"Kaka, kuuzwa na nani?"

"Na ndugu zake, dada. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, mbona umewaficha?"

Ana haki. "Kuuzwa" ni kama "gari limeibwa": jambo limetokea, mwizi hayupo. Sewall hakuandika ili watu wamhurumie Yusufu. Aliwaandikia ndugu. Basi jina ni "Kumuuza Yusufu". Kwenye jalada pale alipoandika neno la kumaanisha ukumbusho unaopelekwa kwa wakubwa, nimeweka "Waraka". Mwanzo niliweka "Risala", nikaifuta, kwa sababu risala husomwa mbele ya mgeni rasmi na baada yake watu hupiga makofi.

15 Januari

Sentensi ya kwanza ya Sewall ndiyo mlango wa nyumba nzima. Toleo la nne, nadhani limekaa:

"Kwa kuwa uhuru, kwa thamani yake ya kweli, unaufuatia uhai wenyewe, haifai mtu kuuachia wake wala kumnyang'anya mwenzake pasipo kwanza kufikiri sana."

Tatizo ni "uhuru". Wanafunzi wangu wakisikia uhuru wanaona bendera, mwenge, tarehe 9 Desemba na siku ya kutokwenda shule. Ni uhuru wa nchi. Sewall anazungumzia mtu mmoja mmoja, kiwiliwili chake na kesho yake. Nikajaribu "uungwana", kwa sababu katika Kiswahili cha zamani cha pwani kinyume cha mtumwa ni mwungwana. Lakini leo mwungwana ni yule anayempisha mama mjamzito kiti kwenye daladala. "Kwa kuwa uungwana unaufuatia uhai" ingesomeka kama somo la adabu.

Nimerudi kwenye uhuru. Msomaji atajikwaa kidogo, halafu sentensi ya pili itamnyanyua.

17 Januari

Leo Kiswahili kimenifanyia kazi bila kuombwa.

Hoja kuu ya Sewall ni hii: watu wote, kwa kuwa ni wana wa Adamu, ni warithi pamoja, wana haki sawa katika uhuru na katika faraja nyingine za maisha haya. Anaitegemeza kwa Zaburi ya 115, aya ya 16, kwamba Mungu ameitoa dunia kwa wana wa Adamu. Kwa Kiingereza inabidi aijenge hoja hiyo, "wana wa Adamu" ni fungu la maneno, unalisoma unaliwaza. Nikafungua Biblia yetu: "Bali nchi amewapa wanadamu."

Wanadamu. Hoja nzima imo ndani ya neno tunalolitumia tukimgombeza mtu aliyemwagia mwenzake maji machafu: wewe, huyo si binadamu? Saffin angeandika kwa Kiswahili angekuwa na shida kubwa. Angelazimika kusema kuna wanadamu wasio wana wa Adamu.

Nimebaki na swali dogo la kiufundi. Nikiandika "wanadamu" msomaji hataona Adamu, neno limeshazoeleka kama sarafu iliyosuguliwa. Nikiandika "wana wa Adamu" nimepoteza ile zawadi. Uamuzi: mara ya kwanza "wana wa Adamu", kuanzia hapo "wanadamu" moja kwa moja. Sina maelezo ya chini ya ukurasa. Aonaye aone.

18 Januari

Umeme umekatika saa 1 usiku. Kazi sifuri.

23 Januari

Mapingamizi manne. Mtindo wa Sewall hapa ni wa mahakamani: anaweka hoja ya mpinzani kisha anaijibu.

La kwanza, kwamba Waafrika ni uzao wa Hamu, mwana wa Nuhu, na wamelaaniwa. Anajibu kwamba aliyelaaniwa katika Mwanzo ni Kanaani, mwana mmoja wa Hamu, na Waafrika ni wa Kushi, mwana mwingine. Halafu anaongeza jambo ambalo limenipendeza kuliko elimu yake yote ya nasaba: katika kazi zote ambazo mtu angeweza kuziomba, nani aende kuomba kazi ya kuwa mnyongaji wa ghadhabu ya Mungu, tena hakuitwa? La pili, kwamba wanatolewa nchi ya kipagani na kuletwa penye Injili. Anajibu kwa mstari mmoja: ubaya hautendwi ili wema upatikane. La nne, kwamba Ibrahimu naye alikuwa na watumwa walionunuliwa. Anajibu kwamba mpaka tujue aliwanunua katika mazingira gani, hakuna hoja ya kuchota hapo.

La tatu ndilo lililonila siku mbili. Watetezi walisema Waafrika wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na meli huchukua mateka halali wa vita. Sewall anawaambia wasomaji wake: hebu fikirini baadhi ya mabwana wa hapa wamekwenda visiwa vya Brewsters kupunga upepo na kuvua samaki, kundi lenye nguvu zaidi kutoka Hull likawavamia, likawauza kwenye meli inayong'oa nanga. Wangesema wametendewa haki, na waliowauza au na waliowanunua?

Hull ni kijiji kwenye mdomo wa bandari ya Boston. Brewsters ni visiwa vya hapohapo nje. Kila aliyesoma karatasi ile alijua upepo wa huko ukoje. Nilishawishika kuweka Pangani na watu wa Tanga, msomaji wangu aruke kitini. Nimeandika hivyo, nimesoma kwa sauti, nikafuta. Waliofikiriwa kuuzwa ni mabwana wa Boston. Nikiwaondoa na kuweka wavuvi wa Tanga, nawaokoa mabwana. Badala yake nimechora ramani ndogo kwa kalamu: bandari, Hull, visiwa. Inatosha.

27 Januari

Nimekutwa na aibu ya kitaaluma. Kuna mahali Sewall anasema tunapowalilia "rafiki na jamaa zetu" wanaotendewa kikatili Afrika, si vibaya kujiuliza kama sisi nasi hatuna hatia kwa kuwalazimisha Waafrika kuwa watumwa kwetu. Nimesoma mara tatu nikijiuliza jamaa zake wa Afrika ni akina nani, nikawa nimeshaanza kumpenda mzee wa watu.

Ni mabaharia Wazungu. Meli za New England zilikuwa zikikamatwa na maharamia wa Afrika ya Kaskazini, mabaharia wakifanywa watumwa, na makanisa ya Boston yakichanga fedha za kuwakomboa. Sewall anaunganisha mambo mawili ambayo majirani zake waliyaweka vyumba tofauti. Mstari umekuwa mkali zaidi baada ya kuuelewa, ila ule upendo nilioanza nao umepungua.

2 Februari

Umepungua tena. Hapa ndipo mhariri alisema "tuone utafanyaje".

Sewall huyuhuyu wa "warithi pamoja" anaandika kwamba Waafrika walio huru ni nadra kuutumia uhuru wao vizuri. Kwamba kwa hali, rangi na nywele hawawezi kuungana nasi wakajenga familia za kuijaza nchi. Watabaki katika mwili wa taifa kama damu iliyotoka nje ya mishipa yake. Anapendekeza jimbo lingefaidika zaidi na watumishi Wazungu wa mkataba wa miaka kuliko watumwa wa maisha.

Kwa ile damu nimetumia "damu iliyovilia". Ndiyo kweli: haijatoka nje ya mwili, haiko kwenye mshipa, imekaa chini ya ngozi, nyeusi. Picha inauma kwa Kiswahili kuliko kwa asili yake, kwa sababu kila mtoto aliyewahi kuanguka anaijua.

Wako watakaosema ningeiruka. Kurasa tatu, ukiruka moja ya aya zake umeandika Sewall wako. Nimeiacha nzima, nikaipa nafasi sawa na nyingine, bila herufi za mlazo wala alama ya mshangao. Watu 550 ndio Waafrika ambao gavana Joseph Dudley aliwakadiria Massachusetts mwaka 1708, 400 kati yao Boston. Hofu yote hiyo ya damu kuvilia ilikuwa juu ya watu wachache kuliko wanafunzi wa shule yangu.

5 Februari

Jedwali la "mtumwa" na "mtumishi". Kiingereza cha Boston ya 1700 kilikuwa na neno moja, *servant*, lililowafunika dobi wa kuajiriwa, kijana wa mkataba wa miaka saba na Mwafrika wa maisha. Wenye mali walilipenda neno hilo, linasitiri. Kiswahili kinanilazimisha kuchagua kila mara, na kila nikichagua naamua kesi. Kanuni niliyojiwekea: penye mkataba wenye mwisho ni mtumishi, pasipo na mwisho ni mtumwa, hata kama mwandishi mwenyewe amesitiri. Saffin atapata tabu zaidi na kanuni hii kuliko Sewall. Shauri yake.

Nimeona kitu cha kuchezea: mtumwa, mtumishi na mtume, wote mzizi mmoja. Nimekiacha hapa.

12 Februari

Sewall amekwisha, rasimu ya kwanza. Imenichukua wiki tano. Yeye, kwa shajara yake, tarehe 19 Juni 1700 anaandika kwamba biashara ya kuleta watu kutoka Guinea imemkera kwa muda mrefu, aliwahi kutaka kuandika hamu ikapita; sasa alikuwa anasoma ufafanuzi wa Waefeso na kujilaumu kwa kuchelewa, mara akaingia ndugu mmoja wa kanisani, Belknap, na ombi la kupeleka bungeni ili Mwafrika mmoja na mkewe waliozuiliwa utumwani kwa dhuluma waachwe huru. Tarehe 24 karatasi ilikuwa imechapwa. Siku tano.

Si kwamba alikuwa wa kwanza. George Keith, aliyekuwa amejitenga na Makweka wenzake wa Philadelphia (dhehebu la Kikristo), alishachapisha waraka wa kuwaonya dhidi ya kununua watumwa mwaka 1693. Lakini huko walikuwa wakionyana wao kwa wao. Sewall aliwatupia karatasi watu waliokaa naye kwenye kiti cha hakimu.

20 Februari

Saffin.

Niliingia na mikono michafu, nikitaka kumfanya mpumbavu. Nilimpa Kiswahili kizito cha barua za serikali, sentensi zinazojikunja. Mhariri amerudisha kurasa zote na neno moja: "Unamchezea." Basi nimeanza upya, nimempa Kiswahili kizuri kama nilichompa mwenzake.

Ukimpa haki yake, anatisha. Hapigi kelele. Anasema kosa la ndugu za Yusufu halithibitishi kwamba kila ununuzi ni kosa. Anasema Mambo ya Walawi 25 inawaruhusu Waisraeli kununua watumwa kutoka mataifa. Anasema Mungu ameweka daraja: wengine wafalme, wengine raia, mabwana na watumishi, na wengine wamezaliwa watumwa wakae hivyo hadi kufa; ukisema wote wana haki sawa umeupindua mpango. Kisha anafika kwenye fedha, na hapo sauti yake inakuwa ya kawaida kabisa: wakiachwa huru nani atawalipa wenye mali? Tena itabidi wote waondolewe nchini, la sivyo dawa itazidi ugonjwa.

Hoja ya "nani atatulipa" haina hata aya moja ya Biblia, na ndiyo nadhani iliyoeleweka haraka kuliko zote barazani mwa Boston.

24 Februari

Amemalizia kwa shairi. Mistari minane, "Tabia ya Weusi": waoga, wakatili, wenye visasi, waongo, hawana shukrani. Kisha dhihaka ya mwisho juu ya Yusufu.

Nimebishana na mhariri jioni nzima. Mimi nataka kulitafsiri kwa nathari, nisimpe Saffin vina. Yeye anasema mimi ni mtu wa pwani, nimekua nikisikia watu wakitukanana kwa mashairi na kujibizana, najua fika kwamba tusi lenye vina ndilo linalobaki kichwani. Nikilivua vina nimewaficha wasomaji silaha aliyoitumia. Nikasema sitaki watoto walikariri. Akasema, "Basi liandike vizuri halafu uone utajisikiaje."

Nimeliandika kwa vipimo vya utenzi, mizani nane. Ubeti wa mwisho:

Hayo ukiyatazama,
yapime kwa kuyapima,
na Yusufu yule mwema
wafanana kitu gani?

Limetoka lenyewe, dakika ishirini, baada ya wiki nzima ya kuhangaika na nathari yake. Nimejisikia vibaya, kama alivyotaka. Linabaki.

3 Machi

Adam. Bila yeye ugomvi huu ni wazee wawili kurushiana aya.

Mwaka 1694 Saffin alikodisha shamba lake, na pamoja na ng'ombe na vyombo akamkodisha Adam, mtumwa wake, kwa maandishi kwamba akitumika miaka saba kwa uchangamfu, utulivu na bidii, ataachwa huru. Miaka saba ikaisha 1701. Saffin akasema hakutimiza masharti, hakuwa mchangamfu wala mtulivu. Adam akachukua ile karatasi akaenda nayo kwa Sewall.

Kwa hiyo Sewall alipochapisha, 1700, kesi hii haikuwepo. Lakini Saffin alipojibu, 1701, ilikuwa imeshafika, na ameibeba hadi kwenye jina la kijitabu chake: jibu fupi na la haki kwa karatasi ya Yusufu, pamoja na kujitetea kuhusu alivyomtendea mtumwa wake. Tena mwaka huohuo Saffin mwenyewe akapewa kiti katika mahakama ya juu ya jimbo, mahakama ambayo kesi yenyewe ilikuwa ikielekea.

Hukumu ya mwisho imetoka Novemba 1703. Nimeitafsiri usiku huu na sitaigusa tena:

"Adam tajwa na warithi wake wawe katika amani, na utulivu, na huru, pamoja na mali zao zote, mbele ya John Saffin tajwa na warithi wake, milele."

Angalia "mali zao zote". Kwenye mkataba wa 1694 Adam amekaa mstari mmoja na ng'ombe, yeye ndiye mali. Miaka tisa baadaye ana mali, ana na warithi wa kumrithi. Karani wa mahakama pengine aliandika hivyo kwa mazoea tu, maneno ya kawaida ya hukumu.

Mwaka huohuo wa 1703 Massachusetts ikapitisha sheria kwamba anayemwacha mtumwa huru aweke kwanza dhamana ya pauni 50. Mlango umefunguliwa kwa Adam, ukarudishiwa nyuma yake.

9 Machi

Nimewasomea watu wanne barazani kwa jirani yangu, katekista mstaafu. Chai ilipoa, lakini hakuna aliyeondoka. Kwenye Walawi 25 mzee alinisimamisha, akaagiza Biblia yake iletwe, akasoma kimyakimya kwa muda mrefu.

"Hapa huyu bwana hajadanganya," akasema. "Imeandikwa."

"Ndiyo babu, imeandikwa."

"Na yule mwingine amejibuje?"

"Kwenye karatasi ya kwanza ameshataja sura hiyohiyo kwamba Waisraeli walikatazwa kuuzana. Na kwamba amwibaye mtu na kumuuza auawe, Kutoka 21."

"Wote wanasoma kitabu kimoja." Akafunga. "Na huyu Adam ameandika nini?"

Nikamwambia hakuna kijitabu cha Adam. Alikuwa na karatasi moja, ya ahadi, na aliijua thamani yake.

Shemeji wa mzee akauliza Sewall alifaidika nini. Si kitu. Mwenyewe aliwahi kuandika baadaye kwamba alivuna nyuso zilizokunjwa na maneno makali. Utumwa Massachusetts ulikaa hadi mahakama zilipoukata miguu miaka ya 1780.

Nilipokuwa naondoka mzee akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, jambo moja. Yusufu umemwandika Yusufu. Ibrahimu, Ibrahimu. Huyu mbona umemwacha Adam, Kizungu?"

"Ni jina lake kwenye hati, babu. Kanuni ya majina ya kigeni."

"Jina gani la kigeni? Wewe umenisomea wana wa Adamu hapa, halafu Adamu mwenyewe humjui?"

10 Machi

Kanuni ya majina ina sababu zake. Sewall ni Sewall, Saffin ni Saffin. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nimebadilisha, kwenye kijitabu ni Adamu. Sehemu 31, kwa mkono, moja moja.

16 Machi

Uchapaji. Kurasa 16 za nusu karatasi, karatasi nne kubwa zimekunjwa katikati na kupigwa pini mbili. Nilikunja mfano nyumbani, nikaandika namba pembeni kwa penseli: karatasi ya nje, upande mmoja 16 na 1, upande wa pili 2 na 15, inayofuata 14 na 3, na kuendelea. Nimeupeleka dukani pamoja na faili. Kijana akasema, "Usijali mwalimu, kompyuta inajua."

Kompyuta haikujua. Nakala 60 zimetoka upande wa pili wa kila karatasi ukiwa kichwa chini. Ukifungua ukurasa wa 2, Yusufu amesimama kwa kichwa. Tumegawana hasara nusu kwa nusu baada ya maneno mengi, na safari hii nilisimama pale mashineni na mfano wangu mkononi, nikigeuza mwenyewe. Ule mtambo wa Boston ulikuwa wa mbao na wa kuvuta kwa mkono, lakini mchapaji naye alilazimika kujua ukurasa gani unakaa mgongoni mwa mwingine.

Zile zilizoharibika ni karatasi za kufanyia hesabu kwa kidato cha tatu.

18 Machi

Nakala 60 ziko mezani, zimekaa sawa, zinanukia wino. Nimempelekea mhariri ya kwanza. Amenipigia baada ya saa moja.

"Ukurasa wa 13, kaka. Hukumu."

Nimefungua. Sehemu 31 nilizobadilisha, ya 32 nilikuwa nimeapa kutoigusa tena, na kweli sikuigusa: "Adam tajwa na warithi wake."

Nimechukua kalamu nyeusi. Nakala 41 tayari, bado 18. Ile moja aliyonayo mhariri amesema ataiandika mwenyewe.